Viti Sita vya Mwanjaa

Kitambaa kipya hakiui kunguni.

Ndivyo alivyowaambia fundi, wajukuu zangu, sivyo? Naye alikuwa na haki ya kucheka. Mmepaka rangi juu ya ukuta unaovuja, rangi nzuri ya maziwa, na kabla haijakauka sawasawa doa limeshachungulia. Mkanuna mkidhani anawatukana. Hakuwatukana, kawapa methali. Na methali hiyo ilizaliwa hapa hapa Korogwe, ndani ya ukoo wetu, nami nilikuwepo siku inazaliwa. Sogezeni huo ungo wa karanga tubangue pamoja, maana mikono isiyo na kazi huwatia watu usingizi, nami sipendi kusimulia watu waliolala.

Ilianza hivi.

Shangazi yangu Bi Chausiku alikuwa na binti wawili, Mwanjaa na Saumu. Mwanjaa ndiye mkubwa. Alifiwa na mumewe mapema, hakujaliwa mtoto, akarudi kukaa na mama yake. Saumu, mdogo, aliolewa Morogoro. Walikuwa chanda na pete watu hawa. Saumu akija likizo mlikuwa hamlali kwa vicheko vyao jikoni.

Kisha shangazi akaugua. Alilala miezi mitatu, na miezi yote hiyo Mwanjaa alimuuguza peke yake. Alimwogesha, akamgeuza ubavu huu na huu, akamnywesha uji kwa kijiko cha chai. Mwanzoni shangazi alikataza Saumu asisumbuliwe, akisema homa itapita. Haikupita. Shangazi alipofariki, Saumu alizisikia habari kwenye matangazo ya vifo ya redio, akiwa anakaanga maandazi. Alipofika Korogwe mama yake alikuwa keshazikwa.

Aliuliza swali moja tu: "Mbona sikuitwa?"

Mwanjaa akajibu kwamba barua ilitumwa, alipewa kondakta wa basi la Morogoro, na kondakta ndiye aliyeipoteza. Saumu alikaa matanga siku tatu, akafunga mkoba wake, na kwa miaka saba hakukanyaga tena mji huu. Kondakta yule maskini alitukanwa na ukoo mzima kwa miaka yote saba, na wala hatukujua jina lake.

Sasa niwaambie jambo ambalo wakati ule Mwanjaa peke yake ndiye aliyelijua. Barua haikumfikia kondakta yeyote. Alikuwa nayo yeye, ndani ya droo ya cherehani yake, haijafunguliwa. Kila alipotafuta mkasi au bobini aliisogeza pembeni kwa kidole bila kuitazama.

Baba yangu, Mzee Shebughe, ndiye mjomba wao. Alianza kuzeeka, na akasema waziwazi kwamba hataki kufa na wapwa zake hawasalimiani. Alimwandikia Saumu, akambembeleza, akamwandikia tena. Mwishowe Saumu akakubali kuja, baada ya mwezi mmoja hivi, akae na dada yake mbele ya mjomba wayamalize.

Mwanjaa aliposikia, alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Alitazama nyumba yake akaiona haifai. Palikuwa na mikeka, vigoda viwili, na kitanda alichofia mama yao. Akataka Saumu apokewe kama mgeni wa heshima, aketi mezani kwenye kiti chenye mgongo, ale pilau kwenye sahani za udongo. Akilini mwake, nadhani, aliona nyumba ikipendeza sana hata pasipatikane nafasi ya kuuliza maswali.

Siku zile kulikuwa na mnada wa vyombo vya nyumba ya wageni ya shamba moja la mkonge lililokuwa limefungwa. Mwanjaa akaenda, akarudi na mkokoteni umebeba meza na viti sita. Mbao zilikuwa mninga mtupu, miguu imara ungeweza kupanda ukabadilisha taa. Lakini vikalio! Kitambaa kilikuwa kimepauka na kulika, kimeng'aa mafuta ya makalio ya watu wa miaka thelathini.

Jirani yake alikuwa Fundi Kaoneka, mtengeneza makochi, mtu wa maneno machache. Alikuja akavigonga viti kwa ngumi, akaridhika.

"Utavifanya mwenyewe, Bi Mwanjaa?"

"Nitavifanya mwenyewe. Mikono ninayo na nyundo ninayo. Niambie tu naanzia wapi."

"Unaanzia kwenye kufumua," Fundi akasema. "Geuza kiti, fungua skrubu nne za chini, kikalio kitatoka. Ng'oa kila msumari. Toa kitambaa, toa usumba wa ndani, hizo nyuzi za makumbi, mbao mwagia maji yanayochemka, uanike juani siku mbili. Ndipo uweke sponji mpya, ndipo kitambaa. Kitambaa unaanza kukivuta katikati ya kila upande. Kona ni mwisho."

Kiti cha kwanza Mwanjaa alikifanya hivyo hivyo. Chini ya kitambaa alikuta kitambaa kingine cha maua, na chini yake kingine cha milia, maana hata hao wenye nyumba ya wageni walikuwa wakifunika tu. Chini kabisa usumba ulikuwa umegandamana na vumbi, na humo wamejaa kunguni, wakubwa kwa wadogo. Aliwachoma pamoja na usumba na vitambaa vyao nyuma ya nyumba, akachemsha sufuria tatu za maji. Mbao zilipokauka alikata sponji, akavuta mahameli mpya ya rangi ya damu ya mzee, akaanzia katikati, akakunja kona. Kazi ile ilimla siku nne. Kiti kilipokamilika alikiingiza chumbani kwake, na kila akipita alikipapasa. Akasema moyoni, hiki ni cha Saumu.

Alhamisi jioni Baba akamletea habari. Saumu amepata nafasi mapema, anakuja Jumapili hii.

Jumapili hii! Viti vitano bado, na kiti kimoja kinataka siku nne. Usiku ule Mwanjaa hakulala vizuri. Asubuhi ya Ijumaa alichukua kiti cha pili, akafungua skrubu, akatazama ile misumari ya zamani yenye kutu iliyojipanga pembezoni. Kisha akachukua mahameli, akailaza juu ya kitambaa cha zamani, akaivuta, akapiga nyundo. Kwa nusu saa kiti kilikuwa kimevaa nguo mpya. Ukikiweka na kile cha kwanza hutambui kipi ni kipi.

Fundi Kaoneka alipita uani, akasimama.

"Bi Mwanjaa, hicho umekifumua?"

"Fundi, siku zenyewe zi wapi?"

"Lakini cha kwanza uliwakuta mwenyewe humo ndani."

"Funika kombe mwanaharamu apite," Mwanjaa akasema, msumari mdomoni. "Mgeni akiondoka nitavifumua vyote."

Fundi akatikisa kichwa, akaenda zake. Hakuwa mtu wa kubishana na mwanamke mwenye nyundo.

Hadi Jumamosi jioni viti vitano vilikuwa vimefunikwa. Mwanjaa akavipanga mezani, akatandaza khanga juu yake, na hakuruhusu mtu akalie. Kunguni wale walikuwa hawajaonja mtu tangu shamba lifungwe. Walikuwa na njaa, nasi tukawapelekea chakula.

Jumapili Saumu akafika na basi la asubuhi. Alikuwa amenenepa kidogo, mvi mbili tatu mbele. Akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Karibu kwenu."

Hawakukumbatiana. Mwanjaa alinyoosha mikono, Saumu akaiwekea mkoba wake wa safari. Mwanjaa akauweka juu ya kiti cha sita, akamkalisha Saumu kwenye kiti cha kwanza, kile cha chumbani. Baba akaketi kichwa cha meza, amevaa kanzu nyeupe ya Idi. Mwanjaa akaketi mkabala na mdogo wake. Fundi Kaoneka alialikwa kama jirani na shahidi, akaketi kwa tahadhari, kama mtu anayekalia sufuria iliyotoka motoni. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikapata kiti cha karibu na mlango.

Pilau ikaliwa. Saumu akasifu pilau, akasifu na viti. Alisema mahameli ile ni nzuri hata kwa nyumba ya harusi. Mwanjaa akashusha pumzi. Akaona kombe limefunikika.

Baba akanawa mikono, akakohoa, akaanza hotuba aliyoitunga tangu Saumu akubali kuja.

"Wanangu, wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo..." Akasita, akajikuna paja. "Barua ilipotea. Kondakta aliipoteza. Kosa la mtu wa nje..." Akajikuna tena, safari hii kwa mikono miwili. "Kosa la mtu wa nje lisiwatenganishe watu wa tumbo moja."

Mimi tayari nilikuwa nimeumwa mara tatu mahali nisipoweza kuwatajia. Lakini nilifundwa kwamba mkubwa akizungumza hutikisiki, basi nikauma meno. Fundi Kaoneka alikuwa akipanda na kushuka kidogo kidogo pale alipo, macho ameyatua kwenye bakuli la kachumbari. Mwanjaa alikuwa amefumba ngumi mbili juu ya meza. Waliokuwa wakimla walikuwa wengi kuliko wetu, lakini angejikunaje, yeye mwenye viti? Saumu peke yake ndiye aliyeketi ametulia, akitutazama mmoja mmoja kama anatazama watu wenye wazimu.

Ndipo kunguni mmoja mnene akapanda kwenye kanzu ya Baba, juu ya ule weupe, taratibu, bila wasiwasi wowote. Sote tulimwona. Baba naye alimwona. Hotuba ikaishia hapo.

Saumu akainuka. Akaja upande wetu, akainamia kiti cha Baba, akafunua ukingo wa mahameli kwa ukucha. Chini yake kikaonekana kitambaa cha zamani.

"Dada," akasema, "mbona kiti changu hakina?"

"Chako nilikifumua," Mwanjaa akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na hivi vingine?"

"Nilivifunika tu."

"Ulijua wamo?"

Mwanjaa akaanza kukusanya sahani. Baba akaona aokoe jahazi. "Saumu mwanangu, hayo ni ya viti, mambo madogo. Tuendelee. Nilikuwa nasema, ile barua..."

"Mjomba, niwie radhi," Saumu akasema. Hakupandisha sauti. "Kitambaa kipya hakiui kunguni. Miaka saba naambiwa kondakta, kondakta. Leo nimepikiwa pilau na kuwekewa mahameli ili niambiwe kondakta tena. Viti vitolewe nje vifumuliwe. Na hilo la barua nalo litolewe nje, au mimi narudi stendi sasa hivi."

Kisha Mwanjaa mwenyewe akainuka, akabeba kiti chake, akakitoa uani juani. Akarudi, akabeba cha Baba. Tukamfuata na vilivyobaki. Fundi akaenda kwake kuleta koleo na bisibisi, mimi nikawasha moto wa maji. Na Saumu akatoa nguo zake zote kwenye mkoba, akazikung'uta moja moja kwenye kamba, maana mkoba nao ulikuwa umekalishwa.

Mahameli ilipoanza kung'olewa, Mwanjaa aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na bahasha mkononi, imekuwa ya manjano. Akamkabidhi Saumu, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Haikupotea," akasema. "Sikuituma. Kondakta hana kosa. Mama aliniambia niipeleke stendi Ijumaa, nikaiweka kwenye droo."

"Alikufa Alhamisi iliyofuata," Saumu akasema.

"Alikufa Alhamisi."

"Siku sita, dada. Mabasi ya Morogoro yanapita kila siku."

"Najua. Nilikuwa nayasikia yakipita." Mwanjaa akalia sasa, kilio cha kwikwi. "Nilimwogesha mimi. Nilimlisha mimi. Miezi mitatu sikulala. Na kila alfajiri akiamka ananiuliza, Saumu yuko wapi, Saumu atakuja lini. Sikuwahi kusikia akiniulizia mimi. Nikaona wivu. Nikasema nitaituma kesho. Kila siku nikasema kesho. Kisha kesho zikaisha."

Saumu akaigeuza bahasha. Gundi yake ilikuwa bado imeshika.

"Hukuisoma?"

"Sikuweza. Nilijua imeandikwa nini."

Hakujua, wajukuu zangu. Niliyejua ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiandika. Shangazi aliniita nikiwa darasa la sita, akaniambia maneno nikayaandika kwenye karatasi ya daftari, akanikataza nisimwambie Mwanjaa yaliyomo. Nami nilipoambiwa barua imepotea nikaona maneno yake yamepotea nayo, nikanyamaza. Kwa hiyo msidhani siku ile nilikuwa mtazamaji tu.

Saumu akaichana bahasha, akasoma kwa sauti, mwandiko wangu wa kitoto:

"Saumu mwanangu, njoo upesi. Mimi sina shida ya kitu, nimetunzwa kama yai. Lakini dada yako amechoka na hasemi. Usiku namsikia analia jikoni. Nikimwambia akuite anasema ataweza. Njoo umpokee, apumzike, maana nikiondoka kabla hajapumzika nitaondoka na deni lake. Mimi mama yako, Chausiku."

Maji yalikuwa yakichemka na hakuna aliyeyaepua. Mwanjaa alikuwa ameinua uso. Nimeona watu wengi wakipata habari za msiba, lakini sijaona tena uso kama ule. Kumbe kila alfajiri mama yake alipomwulizia Saumu alikuwa akimtafutia yeye wa kumpokea. Alikuwa ameificha barua yake mwenyewe kwa miaka saba.

Msinitarajie niseme kwamba walikumbatiana yakaisha. Saumu alikunja barua, akaitia kifuani, akalia amesimama, amempa dada yake mgongo. Halafu akamwambia Baba, "Mjomba, leo nitalala kwako." Na akalala kwetu. Baba alijaribu kusema neno, akakatazwa na macho ya Saumu.

Asubuhi nilimsindikiza, nikidhani tunakwenda stendi. Njia panda akakata kushoto, kuelekea kwa Mwanjaa. Tulimkuta ameketi uani kati ya mbao tupu za viti vitano, misumari ya kutu imejaa kwenye kopo. Alionekana hakulala. Saumu akampa shikamoo, akavuta kigoda, akaketi. Akaokota nyundo.

"Kitambaa kinaanzia wapi?"

Mwanjaa akafuta uso kwa upande wa khanga. "Katikati," akasema. "Kona ni mwisho."

Walimaliza kiti kimoja tu siku ile, kwa kuwa mbao nyingine zilikuwa bado mbichi, na Saumu akarudi Morogoro. Aliporudi Idi iliyofuata walifanya kingine. Idi nyingine, kingine. Fundi Kaoneka angeweza kuvimaliza vyote kwa wiki moja, tena bure, na alijitolea. Mwanjaa alikataa. Kwa karibu miaka miwili aliyefika nyumba ile aliketi kwenye ubao mtupu, na akiuliza aliambiwa, "Mdogo wangu hajaja." Wakivuta mahameli walikuwa wakizungumza, na mara nyingine wakigombana, Saumu akitupa nyundo na kwenda kusimama kibarazani. Lakini alirudi akaiokota. Kiti cha sita kilipokamilika, vicheko vilisikika tena jikoni.

Ndicho hiki nilichokalia. Kishikeni pembezoni, hapo kwenye kona. Mnaona zilivyokunjwa? Hii ni ya Mwanjaa, imenyooka. Hii iliyopinda ni ya Saumu, hakuwahi kuwa fundi.

Na Mwanjaa alipozeeka akaanguka kitandani, hakuna aliyehitaji kuandika barua. Saumu alikuja mwenyewe, naye mzee, akamwogesha, akamgeuza ubavu huu na huu, akamnywesha uji kwa kijiko cha chai. Nilimsikia akimwambia, "Pumzika sasa, dada. Nimekupokea." Mwanjaa akapumzika.

Basi. Ungo umekwisha, na ukuta wenu bado unavuja. Ile rangi nzuri ya maziwa kaikwangueni yote, mtafute maji yanatokea wapi, hata kama ni aibu, hata kama itachukua wiki. Na yule fundi mkimwona mwambieni bibi yenu, Bi Tunu, anamsalimu, na kwamba sasa mmemwelewa alichosema: kitambaa kipya hakiui kunguni.